Mapigo Chini ya Jina la Omondi

Naandika haya nikiwa nimekaa. Anayenijua atajua kwamba hiyo peke yake ni habari, kwa sababu kulikuwa na karibu mwaka mzima ambao sikuweza kukaa. Nilikula nimesimama. Kanisani nilijifanya kwenda msalani mara nne katika ibada moja. Nikiketi kwenye cherehani nilishona pindo la sketi, nikainuka, nikazunguka meza, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikarudi na kusahau nilikuwa nikishona nini. Kama wewe unasoma hili huku unatembea ndani ya nyumba, na watu wako wanakuambia ni mawazo tu, basi nakuandikia wewe. Endelea kutembea, lakini soma mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa nguo pale Sori. Nashona sare za shule, gauni za kwaya, na magauni ya wanawake wanaotaka kupendeza bila kulipia urembo. Ugonjwa wangu ulianzia mikononi. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Nilibadilisha sindano, nikabadilisha uzi, nikalaumu taa, nikalaumu macho, mpaka siku moja nilinyoosha vidole mbele yangu na kuviona vikitetemeka vyenyewe. Nikaviweka mfukoni. Hivyo ndivyo nilivyoushughulikia ugonjwa kwa majuma kadhaa.

Kisha ikaja njaa. Nilikuwa nakula ugali na samaki kama mtu aliyetoka kulima, saa mbili baadaye natafuta chapati, na bado nilikonda. Jasho lilinitoka hata asubuhi ambapo wengine walivaa sweta. Na moyo, huo nilikuwa nausikia mpaka kwenye meno. Nilipunguza gauni zangu pembeni, nikazipunguza tena, na kila mara nilikunja kitambaa kilichozidi ndani ya mshono bila kukikata. Jirani yangu wa duka alisema naonekana nimevimba mbavu, nikate tu. Nilimjibu vibaya. Siku hizo nilimjibu kila mtu vibaya.

Kwetu mwanamke akikonda haraka, watu wana majibu mawili tayari. Jibu la kwanza nililimaliza mwenyewe: nilienda kupimwa damu, nikaambiwa sina virusi, na bado wateja waliendelea kunitazama shingoni wakati nawapima kiuno. Jibu la pili ni chira, ule ugonjwa wa kunyauka ambao wazee wanasema humpata mtu aliyevunja mwiko. Hilo halina kipimo. Waya Konsolata, dada wa marehemu baba yangu, ndiye aliyelisema wazi. Alisema nimeandika jina la mtoto aliyekufa kwenye mwili wa mtu aliye hai, sasa nashangaa nini.

Ni kweli nimeliandika. Omondi alikuwa mwanangu. Aliishi kuanzia mvua za masika hadi karibu na Krismasi, homa ikamchukua, na baba yake alikuwa ameshatuacha kabla hajazaliwa. Sikuwa na picha yake hata moja inayoonyesha uso vizuri, kwa hiyo nilienda Migori mjini kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kuchora tatuu. Nilimwambia achore ukanda mweusi, mpana kama vidole viwili, uzunguke mkono wangu wa kushoto pale saa inapokaa, na jina aliache katikati, upande wa kiganja, kwa rangi ya ngozi yangu. Alifanya kazi nzuri. Mama alipouona mchoro huo alisema neno moja, kwamba nimejichafua. Mama ni Msabato wa wale wasiotia hata moto jikoni siku ya Sabato. Jina la Omondi halikuwa limetoka kinywani mwake tangu tulipomzika, na baada ya siku hiyo nilianza kuvaa mikono mirefu nikienda kwake Kisegi.

Ndipo kaka yangu Ochieng akatuma saa. Ochieng ni mlinzi wa geti huko Doha, na ndiye nguzo ya nyumba yetu. Akisema jambo, limesemwa. Alimpa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani saa moja nyeusi, ya kisasa, yenye taa za kijani chini zinazosoma mapigo ya moyo kupitia ngozi. Akaniongoza kwa simu mpaka nikaiunganisha na simu yangu, na simu yangu na yake, ili aone moyo wangu akiwa kazini. Niliivaa mkono wa kushoto. Fundi hawezi kuvaa saa mkono wa mkasi.

Saa ikasema sitini na kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, moyo unanigonga kama mtu anayetaka kutolewa nje, na saa inasema sitini na kitu. Mara nyingine haikusema lolote, ilionyesha vistari tu. Ochieng alifurahi sana na zile sitini. Akanipigia akaniambia moyo wangu ni wa mwanariadha, kwamba ninachohitaji ni kupumzika na kuacha kuwaza mambo ya zamani. Nilipotaja vistari akasema nikaze mkanda. Nikakaza mpaka ukaniachia alama.

Nataka uelewe jinsi nambari inavyoweza kukunyamazisha. Mara mbili nilipanga kwenda hospitali na mara mbili Mama alinipigia asubuhi hiyo kuniambia kaka yako anakuona kwenye simu, uko sawa, usipoteze siku. Na mimi mwenyewe, nani anataka kuwa mgonjwa? Niliitazama saa kwa hasira, lakini nilitaka iwe kweli.

Nilifunga duka baada ya kukata kitambaa cha gauni za kwaya kinyume, nguo ya mbele ikawa ya nyuma kwa kwaya nzima. Nikaenda kwa Mama Kisegi. Hapo ndipo tulipochoshana. Nilifagia ua kabla jogoo hajawika, nikaosha sufuria zilizokuwa safi, nikahamisha viti. Mama alisema kaa. Nikakaa, goti likaanza kucheza lenyewe, akalitazama hilo goti kana kwamba linamtukana. Siku moja nilirusha kikombe ukutani kwa sababu aliniuliza kama nimeomba. Aliokota vipande, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa aibu, huku natembea.

Mkono wangu ulikuwa umekonda pia. Saa, ambayo mwanzoni ilikaa juu kidogo ya mchoro, nusu kwenye ngozi na nusu kwenye wino, sasa iliteleza chini hata nikiifunga tundu la mwisho. Ikatua katikati kabisa ya ule weusi.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa ameenda kanisani. Mimi tangu alfajiri nilikuwa nazunguka ua, na joto likanizidi, nikaacha simu ndani ikiingia chaji, nikafunga mlango, nikaenda ziwani kujimwagia maji. Nilikaa huko muda mrefu. Maji peke yake ndiyo yaliyokuwa yakinituliza, na ningeweza kutazama kile kilima cha kisiwa cha Mfangano bila kutaka kukimbilia popote.

Nikiwa narudi na leso yangu mbichi, nikasikia nduru. Si kelele ya mtu aliyeona nyoka. Ilikuwa ile nduru ya msiba, ndefu, inayovunjika katikati na kuanza tena, na kwetu ukiisikia unaacha ulichoshika na kukimbilia inakotoka. Nikakimbia. Wanawake waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wanakimbia pia mbele yangu, na nikamwuliza mmoja wao kwa nyuma ni nani aliyekufa.

"Ni Achieng, binti wa yule mama wa kanisa," akasema bila kugeuka. "Yule fundi."

Mimi ndiye Achieng. Mama yangu ndiye huyo wa kanisa. Nilimwambia mwanamke huyo asante, sijui kwa nini, na nikaendelea kukimbia naye.

Nje ya ua wetu walisimama wazee wawili wakibishana. Kwetu binti ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma, kaburi lake huwa nje ya ua, na hawa walikuwa wameshafika huko. Mmoja alitaka upande wa migomba. Mwingine alisema mvua ikinyesha maji hujaa pale, itakuwa aibu. Nilisimama nyuma yao nikitweta. Nikawaambia kwamba hata mimi sitaki maji.

Sitaeleza walivyotawanyika. Waya Konsolata alikuwa mbele ya mlango wangu uliofungwa, ameshika kichwa kwa mikono miwili, na ndani simu yangu ilikuwa ikilia na kulia. Aliponiona alinyamaza katikati ya nduru, akanitazama miguu kwanza. Kisha akaanza kujitetea kabla sijamwuliza. Ochieng alikuwa amempigia kutoka Doha. Alimwambia ameshika zamu getini na kukuta moyo wangu haupo kwenye simu tangu alfajiri, na mimi sipokei.

"Alisema moyo wa Achieng umesimama," akasema Waya. "Sasa mimi ningefanya nini? Ningoje kibali?"

Mama aliingia akiwa na kiatu kimoja. Nyuma yake lilikuja nusu ya kanisa. Alinikuta nimesimama katikati ya waombolezaji wangu, maji yananidondoka, na hakunikumbatia. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi na nguo yake ya Sabato. Nilikuwa nimegombana na mama huyu kwa miezi, na ndipo nilipojua jinsi alivyoniogopea, na nilijisikia vibaya sana.

Kisha alinyoosha mkono. "Hiyo kitu. Nipe."

Nikavua saa. Mkono wa shati ulikuwa haupo siku hiyo, nilikuwa na leso tu, kwa hiyo jina la Omondi lilikuwa wazi mbele ya watu wa kanisa. Mama akajifunga saa mkononi mwake. Taa za kijani zikawaka, na mara moja ikaleta nambari, tisini na kitu, ambayo kwa mtu aliyekimbia na kiatu kimoja ilikuwa ya haki. Akaitazama. Akautazama mkono wangu wa kushoto, mweusi pale saa ilipokuwa. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, ambao hauna mchoro wowote, akanifunga saa mwenyewe.

Ilifikiri kidogo. Ikasema mia moja arobaini na nane. Tukaendelea kuitazama, mimi nimesimama tu, sifanyi chochote, ikapanda.

Mama aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sweta, kitambulisho changu na kiatu cha zamani cha kuvaa na kile kimoja. Mzee wa kanisa alimkumbusha kwa upole kwamba ni Sabato. Mama akamwambia kijana wa bodaboda awashe pikipiki.

Waya alitaka jambo moja kabla hatujaondoka. Alisema nduru ikishapigwa kwa mtu aliye hai lazima kuku achinjwe, isije ikabaki inamtafuta mwenyewe. Mama alimwambia amchinje na amle. Nilisikia baadaye kwamba hivyo ndivyo alivyofanya, pamoja na wale wazee wawili.

Hospitali kubwa ya Homa Bay siku hiyo sikuiona vizuri, nakumbuka benchi tu. Benchi ni adui wa mtu mwenye ugonjwa kama wangu. Nilikuwa nakaa na kuinuka, nakaa na kuinuka, mpaka mama mmoja kutoka Mfangano, mwenye shingo iliyovimba kama yangu ilivyokuja kuvimba, akanisogelea na kunimwagia njugu mkononi. Aliniuliza kama nimeanza kugombana na vyombo. Alisema yeye alikuwa anagombana na kuku. Nilicheka, kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu, na nikala njugu zake zote.

Mama alimweleza nesi jinsi saa ilivyokataa mkono mmoja na kukubali mwingine. Nesi hakushangaa. Alisema wino mweusi huzuia ile taa, haifiki kwenye damu vizuri, kwa hiyo saa inabaki kubahatisha au inanyamaza. Kisha akanibandika nyaya kifuani, na karatasi ikatoka imejaa milima. Damu ikachukuliwa. Tukangoja majibu siku kadhaa, mimi kitandani na mirija mkono wa kulia, Mama kwenye kiti cha plastiki. Mwishowe daktari alisema ni tezi ya shingo, imekuwa ikiusukuma mwili wangu kama mtu anayemchapa punda, na moyo ulikuwa umeanza kuchoka. Alisema tungechelewa zaidi angekuwa anatueleza habari nyingine.

Kidonge cha kwanza kilikuwa kidogo sana nikakidharau. Siku hiyo hiyo, mchana, wadi imejaa kelele za wageni, nililala. Nililala fofofo hivi kwamba Mama alinitikisa kwa nguvu akidhani nimekufa tena. Tulitazamana, tukacheka, na mwenzangu wa kitanda cha pili akadhani tumepata habari njema.

Kabla ya kuruhusiwa, nesi alimfundisha Mama kupima mapigo kwa vidole, ili nisitegemee saa peke yake. Mkono wa kulia ulikuwa na mirija, kwa hiyo ilibidi atumie wa kushoto. Mama aliuruka mchoro, akaweka vidole karibu na kiwiko, mahali ambapo hakuna pigo. Nesi akavishika vidole vyake akavishusha mpaka juu ya jina. Niliona Mama akikaza taya. Lakini alihesabu, kimya kimya, kwa Kijaluo, macho kwenye saa ya ukutani.

Kupona hakukuja haraka, nisikudanganye. Mahindi yalipandwa nikiwa bado natetemeka na yakavunwa nikiwa nimepoteza nywele nusu kwenye chanuo. Macho yalinitoka kidogo, na mpaka leo kuna watoto wanaonitazama sana. Kila kliniki Homa Bay ilikuwa damu, benchi, vidonge kupunguzwa au kuongezwa, na safari ya kurudi. Kuna wiki ambazo nilikuwa mzito kama gunia na kuna wiki ambazo goti lilianza kucheza tena nikaogopa. Kama uko hapo sasa, usiache vidonge eti kwa sababu umelala vizuri siku tatu. Mimi niliacha, nikajuta.

Na Ochieng. Alinipigia kila siku, na kila siku tuligombana. Alitaka niutoe mchoro, kuna mahali Nairobi wanachoma kwa mwanga, yeye atagharamia. Alisema kitu hicho karibu kiniue. Nilimwambia saa ina mkono mwingine wa kukaa, Omondi hana. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Nilikuona umekufa, Achieng. Nilikuwa getini. Na sikuruhusiwa kuacha geti." Nilimwacha alie. Hakutaja mchoro tena, na mimi nikaacha kumjibu vibaya, karibu kabisa.

Saa bado naivaa, mkono wa kulia, na nikishika mkasi naivua. Duka nimefungua. Zile gauni nilizokuwa nimepunguza nimezifumua mshono mmoja mmoja, na kitambaa nilichokunja ndani kilikuwa bado kipo, rangi yake mpya kuliko nguo yenyewe, kwa hiyo kila gauni langu sasa lina mistari miwili mbavuni. Wateja wanadhani ni mtindo. Mmoja ameniomba nimshonee hivyo.

Mwisho wa wiki huwa naenda Kisegi, na Mama bado ananipima kabla ya dawa ya asubuhi. Nimemwambia saa inafanya kazi. Anasema anajua. Anauvuta mkono wa kushoto, anaupandisha mkono wa gauni mwenyewe, anaweka vidole juu ya jina na kutazama saa ya ukutani, midomo ikicheza.

Juzi mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunyesha. Nilikuwa kwenye kiti cha mlangoni, napinda sketi ya sare. Alihesabu kwa muda mrefu kuliko kawaida, mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Kisha akaniachia mkono, akaurudisha mkono wa gauni chini na kuunyoosha.

"Omondi ametulia leo," akasema, na akaenda kuondoa omena mvuani.

Nilimsikia akigombana na kuku huko nje. Sketi ilikuwa magotini, na sindano ilikuwa bado ina uzi. Nikabaki nimekaa.